Intaneti ya simu ya mezani inakatika ovyo? Anza na waya

Nimeshaona kompyuta nyingi hapa Tanga zikifomatiwa ilhali hazina kosa lolote. Mwenye nayo analalamika kwamba intaneti inakatika kila baada ya dakika chache. Fundi anakuja, anasema Windows imechoka, anafuta kila kitu, anaipakia upya na kuchukua hela yake. Kesho yake intaneti inakatika vilevile, na picha za harusi zimekwenda na maji. Jambo hili linaniuma, maana mara nyingi ugonjwa haukuwa ndani ya kompyuta hata kidogo. Ulikuwa kwenye waya wa simu, pengine hatua mbili tu kutoka mezani.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo, shule na watu wa majumbani wanaoingia kwenye intaneti kwa modemu ya kupiga simu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya nikiitwa. Mengi mnaweza kuyafanya wenyewe bila kumlipa mtu.

Kwanza tuelewane modemu inafanya nini. Laini ya simu ni nyuzi mbili za shaba zilizotandazwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Modemu yako inageuza data kuwa mlio, inaupitisha humo, na modemu ya mtoa huduma inaugeuza tena kuwa data. Yale makelele ya mwanzoni ni modemu mbili zinapima laini na kukubaliana kasi. Laini ikiwa safi, zinapanda. Ikiwa na kelele, zinashuka. Kelele ikiingia katikati ya kazi, zinasimama na kupimana upya, kama watu wawili walio sokoni wanaoambiana "rudia, sijakusikia". Hapo ndipo ukurasa unapoganda ghafla. Zikishindwa kabisa kusikilizana, mojawapo inakata simu, na kwenye kumbukumbu ya modemu linabaki neno NO CARRIER: mlio wa upande wa pili umepotea.

Kabla hujashika chochote, chukua daftari. Andika saa uliyoingia, saa ilipokatika, na kilichokuwa kinaendelea wakati huo. Baada ya siku chache utaanza kuona mwenendo. Ikikatika kila mara baada ya muda uleule, waya hauna kosa. Kuna mahali pamepangwa muda, ama kwenye kompyuta yako ama kwa mtoa huduma. Ikikatika ovyo, mara dakika tatu, mara nusu saa, shuku laini. Ikizidi wakati wa mvua na siku mbili tatu baada yake, kuna kiungo kinachoingia maji. Ikianza saa moja jioni taa zinapowashwa, angalia mambo ya umeme, na vilevile kumbuka kwamba saa hizo ndipo wateja wengi wanapoingia kwa mtoa huduma. Na kama inakatika pale mtu anapokupigia simu, sababu ni ile huduma ya simu ya pili kusubiri. Mlio wake mdogo unaokujulisha kuwa kuna mtu mwingine unatosha kuivuruga modemu. Iombe kampuni ya simu iizime huduma hiyo, au ikupe namba ya kuizima kwa muda kabla ya kupiga. Ndugu zetu walio Marekani hutanguliza *70, wa Uingereza huizima kwa #43#.

Sasa sikiliza laini. Kipimo hiki ni cha bure na ninakiamini kuliko programu yoyote. Chomoa modemu, chomeka simu ya kawaida ya waya kwenye soketi ileile, inua mkono wa simu na ubonyeze tarakimu moja tu. Ule mlio wa laini utanyamaza. Tulia kama nusu dakika ukiwa umeweka sikio. Laini isiyo na kasoro huwa kimya. Ukisikia mikwaruzo, kuna kiungo kilicholegea au chenye kutu. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, umeme unaingilia. Ukisikia watu wengine wakizungumza kwa mbali, nyaya zako na za jirani zimegusana au zinavujiana mahali. Rudia asubuhi, jioni na baada ya mvua, kwa sababu laini iliyo kimya saa nne asubuhi yaweza kuwa na makelele saa mbili usiku. Ukitaka kujua kama kuna mguso mbovu, tikisa taratibu waya unaoingia kwenye soketi huku unasikiliza.

Ikiwa kuna kelele, anza na nyumba yako. Chomoa kila kilichounganishwa na laini hiyo: simu ya chumbani, simu ya sebuleni, faksi, simu isiyo na waya, king'amuzi kama kimeunganishwa. Acha modemu peke yake, kwa waya mfupi, kwenye soketi ya kwanza laini inapoingia nyumbani. Ikitulia, rudisha vile vitu kimoja kimoja, ukikaa na kila kimoja kwa muda, mpaka umpate mkosaji. Nimekuta simu ya zamani iliyokaa chini ya kitanda, haitumiki, wenyewe wamesahau kama ipo, ikiharibu laini ya ofisi nzima.

Waya wenyewe unastahili kutazamwa. Nyaya nzuri za simu zimesokotwa mbilimbili, na msokoto huo ndio unaoua kelele za umeme wa jirani yake. Ule waya bapa unaouzwa madukani kwa mita haujasokotwa. Mita mbili si neno, lakini mita 15 zilizopitishwa ukutani sambamba na waya wa umeme, nyuma ya stabilaiza na chini ya taa ya tyubu, zinakusanya mvumo wote wa nyumba. Uhamishe, ufupishe, au ubadilishe uweke uliosokotwa. Kama lazima ukutane na waya wa umeme, uupite kwa kukatisha, usitembee nao.

Kisha fungua soketi. Sisi watu wa pwani tuna adui wa ziada, upepo wa bahari wenye chumvi. Shaba inaota ukijani, skrubu zinashika kutu, na mguso uliokuwa mzuri unakuwa wa kubahatisha. Sisimizi nao wanapenda visanduku hivi. Kata ncha ya waya iliyooza, menya upya mpaka uone shaba inayong'aa, kaza skrubu. Lakini angalia: laini ya simu ina umeme wa volti 48 hivi, na simu inapoita hupanda hadi 75 au 90. Huo unaweza kukurusha. Usishike nyuzi kwa mikono yenye maji, wala usifanye kazi hii kukiwa na radi.

Ikiwa laini iko kimya na bado inakatika, sasa ndipo pa kuigeukia kompyuta, na bado si kwa kufomati. Tazama mipangilio ya kukata simu pasipo na kazi. Iko sehemu zaidi ya moja: kwenye modemu yenyewe, kwenye muunganisho uliouunda, na kwenye kivinjari cha zamani cha Internet Explorer, ambacho kilikuwa na dakika 20 zake. Wewe unasoma makala ndefu bila kubofya, yenyewe inaona kimya na kukata. Ongeza muda au uondoe kabisa, ila ukiuondoa ukumbuke kukata mwenyewe ukimaliza, bili isije ikakutoa machozi.

Washa pia kumbukumbu ya modemu. Kwenye Windows 98 iko katika faili la ModemLog.txt, na Windows XP nayo ina faili la namna hiyo lenye jina la modemu yako. Faili hilo litakuonyesha kasi mliyokubaliana na namna simu ilivyokatika. Namba za makosa nazo zina maana yake. 680 ni kwamba modemu haikusikia mlio wa laini, 676 upande wa pili una shughuli, 678 hakuna aliyejibu, 691 jina au nywila imekataliwa. Hizo zote ni shida za kuingia. Aliyeingia kisha akatolewa aangalie zaidi 628 na 629.

Kuna amri mbili ninazoziweka karibu kila mahali. Kwenye Windows XP unafungua Control Panel, Phone and Modem Options, unachagua modemu yako, unaingia kwenye sifa zake na kutafuta sehemu ya Advanced, pale pa amri za ziada. Ya kwanza ni S10=50. S10 ni muda ambao modemu inavumilia baada ya kuupoteza mlio wa mwenzake, kwa sehemu za kumi za sekunde. Modemu nyingi huja na kati ya sekunde 0.7 na 2, na huo ni muda mfupi mno kwa laini zetu. Ukiweka 50 inavumilia sekunde 5, na mikwaruzo ya kupita inapita bila kukata. Usiende mpaka 255. Modemu nyingi huchukulia namba hiyo kuwa "usikate kamwe", na simu inaweza kubaki hewani huku wewe umeshakwenda kulala.

Amri ya pili ni ya kushusha kasi, na hapa ndipo ninapobishana na wateja. Kila mtu anataka aone 56 kwenye kona ya skrini kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi. Kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, kinaweza kushusha data kwa hadi kilobiti 56 kwa sekunde pale tu ambapo njia nzima ni ya kidijitali isipokuwa kile kipande cha shaba kutoka kituo cha simu hadi kwako. Na kipande hicho kiwe kifupi na safi. Laini ndefu na nyaya za zamani haziwezi, lakini modemu inajaribu, inaingia kwa 44, inashindwa, inapimana upya, inakata. Iambie itumie V.34, ambayo kikomo chake ni 33.6. Kwa modemu nyingi zenye chipu za Conexant amri ni +MS=V34; za Lucent ni S38=0; kwenye U.S. Robotics, &N14 inaifunga kwenye 28.8. Soma kwanza modemu yako ni ya nani, kwa kuwa amri hizi haziingiliani. Mtu anayekaa saa nzima kwenye 28.8 anafanya kazi nyingi kuliko anayeingia kwenye 44 na kupiga upya kila baada ya dakika nne, na analipa kidogo.

Zile modemu za ndani za bei nafuu zinategemea prosesa ya kompyuta kufanya kazi yao. Ukifungua programu nyingi kwenye mashine dhaifu, modemu inakosa pumzi na simu inakatika. Hapo funga programu nyingine, tafuta draiva mpya, na ukiweza azima modemu ya nje inayochomekwa kwenye tundu la siriali ujaribu. Pia modemu iliyopigwa na radi haifi yote kila mara. Yaweza kupiga, kuita, kuingia, kisha ikawa inakata. Wakati wa masika chomoa waya wa simu kila unapomaliza kazi, si wa umeme peke yake.

Kama kelele inatoka nje ya nyumba, itabidi uonane na kampuni ya simu, na namna ya kusema ina uzito wake. Ukiwaambia intaneti inakatika, watakujibu kwamba wao wanauza simu, kawaone wa intaneti. Waambie laini ina mikwaruzo na huwezi kusikilizana na watu. Ni kweli tupu, na ni wajibu wao. Fundi akifika mpe mkono wa simu asikie mwenyewe, mwonyeshe daftari lako lenye tarehe na saa, na umwombe akague viungo kuanzia kwenye nguzo. Akija siku kavu akakuta kimya, daftari litamweleza arudi baada ya mvua.

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma wa intaneti, beba modemu au kompyuta uende kwa jirani mwenye laini tulivu, upige namba ileile. Ikikatika na huko, hata usiku wa manane wateja wanapokuwa wachache, piga kwa akaunti ya kampuni nyingine. Ukiona ya pili inakaa, basi umeshajua nani wa kumwandikia barua.

Wakati unasubiri fundi, andika barua pepe zako ukiwa umekata simu, kisha ingia uzitume zote kwa mkupuo. Mafaili makubwa yashushe kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipoishia. Faili la megabaiti 5 kwa kasi ya 28.8 linachukua kama dakika 25, na hakuna sababu ya kulianza upya kwa sababu simu imekatika dakika ya 24.