Amplifaya ndogo ya hedifoni: je, ni mbovu au ndivyo ilivyo?

Swali

Shikamoo fundi. Nimenunua amplifaya ya hedifoni ya bei nafuu, ile ndogo ya kubeba mfukoni. Ina betri ya kuchaji, swichi ya besi na swichi ya kupandisha ukuzaji. Naiunga kwenye simu kwa waya mfupi. Siku ya kwanza nilivaa hedifoni zangu kubwa za omu 250, nikaona muziki umefunguka: besi imejaa, waimbaji wamesogea mbele. Nikahamia zile ndogo za kuchomeka sikioni, za omu 16, furaha ikakatika. Kuna "shhh" hata wimbo ukisimama, nikipunguza sauti sana upande wa kushoto unatangulia kupotea, na mara nyingine inakuja "trrr, trrr" simu ikiwa imelala juu ya amplifaya. Je, nimeuziwa kitu kibovu? Na ile raha ya hedifoni kubwa ni ya kweli, au masikio yananidanganya?

Jibu

Marahaba. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili ya ubovu. Amplifaya yako inafanya kazi iliyotengenezewa inapokutana na hedifoni kubwa, na inaonyesha udhaifu wa kawaida wa vifaa vya bei yake inapokutana na hizo ndogo. Raha uliyoisikia ni ya kweli kwa sehemu, na sehemu iliyobaki ni ya sikio. Nitaanza na hiyo ya kweli kwa sababu inapimika.

Hedifoni husomwa kwa namba mbili: ukinzani wake kwa omu, na usikivu wake, yaani inatoa desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) ikipewa miliwati 1 ya nguvu ya umeme. Hedifoni nyingi kubwa za omu 250 hutoa kama desibeli 96 kwa miliwati 1. Sasa chukua simu inayotoa nusu volti mwisho wa sauti yake, jambo la kawaida kwa simu. Nusu volti ndani ya omu 250 ni miliwati 1 kamili. Kwa hiyo kilele cha juu kabisa unachoweza kupata ni desibeli 96. Utasema hiyo si ndogo, na kweli si ndogo, lakini hicho ni kilele. Muziki wenyewe kwa wastani hukaa desibeli 10 hadi 20 chini ya vilele vyake, na ukirekodiwa kwa upole hushuka zaidi. Ndiyo maana ulikuwa unapandisha sauti ya simu hadi mwisho na bado unahisi umenyimwa kitu.

Amplifaya inayotumia betri moja ya lithiamu ya volti 3.7, bila sakiti ya kupandisha volti, haiwezi kutoa zaidi ya takriban volti 1.3, kwa sababu wimbi zima, toka juu hadi chini, lazima litoshe ndani ya volti za betri. Volti 1.3 ndani ya omu 250 ni kama miliwati 7. Hiyo ni nyongeza ya desibeli 8 na kidogo. Desibeli 8 ni nyingi, karibu mara mbili ya ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyohesabu. Kwa hiyo hukudanganywa: kile kilele cha ngoma kilichokuwa kinakosa nafasi sasa kinapita.

Hesabu hiyohiyo kwa hedifoni ndogo inatoa jibu tofauti kabisa. Za omu 16 zenye usikivu wa desibeli 105 kwa miliwati 1, ambao ni wa kawaida kwa aina hiyo, hupata karibu miliwati 16 kutoka nusu volti ya simu. Hizo ni desibeli 117. Hakuna sikio linalohitaji hivyo, wala halipaswi kupewa. Simu peke yake inazitosheleza na kubakiza, na amplifaya haina cha kuziongezea ila kelele yake yenyewe.

Hapo ndipo "shhh" inapotoka. Kila amplifaya ina mvumo wake, na huu wa hatua ya mwisho ya sakiti haubadiliki hata ukizungusha kitufe cha sauti. Tuseme ni maikrovolti 20. Hedifoni zako kubwa huugeuza kuwa kama desibeli 8, ambazo zinamezwa na ukimya wa chumba chochote. Zile ndogo huugeuza mvumo uleule kuwa karibu desibeli 29, na usiku chumba kikitulia unausikia wazi. Jaribu hivi: simamisha wimbo, zungusha kitufe kutoka chini hadi juu. Mvumo ukibaki palepale, ni wa amplifaya. Ukipanda pamoja na kitufe, unatoka kwenye simu, na hapo amplifaya haina hatia. Vyovyote vile, rudisha swichi ya ukuzaji chini. Mara nyingi hiyo peke yake huondoa sehemu kubwa ya kelele.

Upande wa kushoto kutangulia kupotea ni tabia ya potenshiometa, kile kitufe cha kuzungusha. Ndani yake kuna njia mbili za kaboni, moja ya kila sikio, na kwenye vifaa vya bei nafuu hazilingani vizuri mwanzoni mwa mzunguko. Kitufe kikifika robo ya mzunguko na kuendelea, tofauti huwa imekwisha. Swichi ya ukuzaji ikiwa juu, hedifoni ndogo hukulazimisha kukaa sehemu ileile mbovu, kwani ukigusa tu sauti inalipuka. Ishushe, punguza na sauti ya simu kidogo, ili kitufe kikae katikati. Ila kama upande mmoja ni mdogo hata kitufe kikiwa katikati, vaa hedifoni kinyume, ya kushoto sikio la kulia. Udhaifu ukihamia sikio jingine, shida iko kwenye hedifoni, waya au amplifaya. Badilisha hedifoni na uhakikishe kabla hujaenda kudai dhamana. Ukibaki sikio lilelile, nenda kwa daktari wa masikio. Sisemi hivyo kukutisha, nimeona watu wakibadilisha vifaa vitatu kabla ya kukubali kupimwa.

"Trrr, trrr" ni simu yenyewe ikizungumza na mnara. Kwenye mtandao wa 2G simu hurusha mawimbi kwa vipande, vipande kama 217 kwa sekunde, na ule waya wako mfupi hufanya kazi ya antena. Tenganisha simu na amplifaya kwa upana wa kiganja, usizifunge pamoja kwa mpira kama watu wengi wanavyopenda, au weka simu kwenye hali ya ndege unaposikiliza nyimbo zilizohifadhiwa. Kasha la chuma lingekinga vizuri zaidi kuliko la plastiki.

Nirudi kwenye masikio, maana hapa ndipo wengi tunapopotea, hata sisi tunaoshika chuma cha kuchomelea kila siku. Mwaka 1933 watafiti wawili wa sauti, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu husikia besi hafifu mno sauti ikiwa ndogo, na kadiri sauti inavyopanda besi hujitokeza. Kwa hiyo kifaa chochote kinachopandisha sauti kidogo kitaonekana kina besi iliyojaa na muziki uliofunguka, hata kama hakijabadilisha chochote kingine. Wewe uliongeza sauti, na nadhani swichi ya besi nayo ilikuwa imewashwa. Huwezi kujua nini kimefanya nini.

Ukitaka kujua, linganisha sauti kwanza. Mimi hutumia mita ya kawaida ya umeme. Cheza toni ya hezi 60 kutoka simu, chomeka hedifoni pamoja na mita kupitia kigawanyaji cha jeki, pima volti za AC ukiwa kwenye simu moja kwa moja, kisha kwenye amplifaya, na zungusha kitufe mpaka namba zilingane kwa tofauti isiyozidi asilimia 1. Chagua toni ya chini hivyo kwa sababu mita nyingi za bei ya chini hazisomi vizuri toni za juu. Zima besi. Halafu mwombe mtu abadilishe waya bila kukuambia ni kipi unachosikia, mara kumi au zaidi. Kwa hedifoni kubwa, zikiwa kwenye sauti ya wastani, sitashangaa ukishindwa kutofautisha. Tofauti itarudi utakapopanda juu, simu inapoanza kukata vilele na amplifaya bado ina nafasi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi halali ya kifaa hiki, na inatosha kabisa kukifanya kistahili fedha zake.

Kuhusu besi, mimi siitumii. Kwenye amplifaya ya betri moja kila desibeli unayoongeza chini inatafuna zile volti 1.3 chache, na ngoma nzito zitaanza kukwaruza mapema.

Sauti ya simu, kwa hedifoni kubwa, ipandishe hadi mwisho, kisha ishushe hatua moja au mbili ukisikia mikwaruzo. Zima ikwalaiza ya simu, yaani ile sehemu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu. Kitufe cha amplifaya kianzie chini kabisa kabla hujavaa, kila mara, bila kusahau, maana kuna vifaa vinavyopiga kishindo vinapowashwa. Usisikilize vikiwa kwenye chaji kama unasikia mngurumo, kwani chaja nyingi huingiza kelele yake. Na sasa kwa kuwa una nguvu zaidi ya uliyoizoea, fahamu kiwango cha Shirika la Afya Duniani: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Hedifoni zako kubwa sasa zinaweza kuvuka hapo kwa urahisi.

Hizo ndogo zichomeke kwenye simu moja kwa moja. Amplifaya iache na zile za omu 250. Katika wiki hizi za kwanza tikisa jeki taratibu wakati wimbo unaendelea. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limeanza kulegea, na hilo ndilo litakalokufaa kurudisha kifaa dukani dhamana ikiwa bado hai.