Futa mstari wa saba: uimarishaji hasi SI adhabu

Mkuu, futa mstari wa saba kwenye jedwali lako. Ufute kwanza, ndipo urudi usome yaliyobaki.

Umeuliza uanzie wapi na saikolojia, usome kitabu gani, Freud bado anasomwa au kapitwa, na kama takwimu ni lazima. Halafu ukabandika jedwali: jina, nadharia, maana kwa sentensi moja. Nikashuka nalo taratibu, jina la mtaalamu mmoja baada ya mwingine, Pavlov, Watson, Piaget, mpaka nikafika kwa Skinner, yule wa kufunza wanyama kwenye visanduku: "Skinner: uimarishaji hasi = adhabu". Nikashika kichwa. Mstari huohuo, neno kwa neno, ndio ulionifanya nirudie somo zima.

Mimi niliupata kwenye muhtasari wa kurasa 12 niliouziwa na kaka mmoja aliyetutangulia darasa. Alijiita "Profesa", kumbe naye somo hilohilo alikuwa analirudia, na hilo nililijua nikiwa nimeshalipa. Laana yangu imfuate popote alipo. Nikakariri kama kasuku. Mtihani ukaja na swali la lazima, alama 25: eleza uimarishaji hasi kwa mifano. Nilitabasamu, wallahi. Nikajaza kurasa nne za viboko, faini, kufokewa na kunyimwa chakula. Nikapata 3, na nahisi hizo zilikuwa za mwandiko. Tena nilikuwa nimewafundisha wenzangu watano usiku wa kuamkia mtihani. Mmoja mpaka leo akiniona anavuka barabara. (Na kila akivuka anapata nafuu, kwa hiyo atazidi kuvuka. Huo ndio uimarishaji hasi wenyewe, nimeuzalisha kwa jasho langu.)

Sikiliza sasa. "Hasi" hapa haina maana ya "baya". Ni alama ya kutoa, kama kwenye hesabu. Na kuimarisha ni kuifanya tabia ijirudie zaidi. Panya yuko kwenye kisanduku, sakafu inapitisha umeme, anahangaika huku na huko, kwa bahati anakandamiza kitufe, umeme unakatika. Mrudishe tena na tena, utaona anakikimbilia kitufe. Kero imeondolewa, tabia imeongezeka. Adhabu inaelekea upande mwingine kabisa: tabia inapungua.

Njoo nyumbani kwangu. Mwanangu analilia simu, nampa, ananyamaza. Yeye kaongezewa kitu anachokipenda, kwa hiyo kesho atalia tena: huo ni uimarishaji chanya, wa kuongeza. Mimi nimepunguziwa kelele, kwa hiyo kesho nitaitoa simu upesi zaidi: hasi, na panya ni mimi. Tukio moja, watu wawili, kila mmoja kafunzwa kivyake. Jedwali lako lina kisanduku cha kuandika hayo? Halina.

Ndiyo maana siku hizi siandiki jina la nadharia kabla sijajibu: walifanya nini, kwa nani, wakapima nini? Milgram umemwandikia "watu hutii mamlaka". Haya, basi? Kwenye jaribio alilolichapisha 1963, watu 26 kati ya 40 walioagizwa na msimamizi kumpiga mwenzao umeme walibonyeza hadi volti 450, bila kujua kwamba huyo aliyekuwa akigonga ukuta chumba cha pili hapigwi na umeme wowote. Baadaye msimamizi alipotoka chumbani akawa anaagiza kwa simu, utii ukaporomoka. Utamu wote uko hapo, na sentensi yako imeutupa. Watson umemwandikia "hofu hufunzwa". Jaribio lake ni la mwaka 1920, na mtoto alikuwa mmoja tu, Albert, aliyeonyeshwa panya mweupe huku chuma kikigongwa kwa nyundo nyuma yake. Mmoja! Maslow, yule wa ngazi za mahitaji ya binadamu, umemchorea na piramidi ya rangi. Makala yake ya 1943 haina mchoro huo.

Freud anasomwa, ila mpitishe kwenye maswali hayohayo uone atabaki na nini. Kitabu chukua chochote kinachosimulia majaribio yenyewe, hata kiwe kimechakaa. Ulikuwa umeuliza na kitu kingine, kimenitoka.

Na wewe uliyeandika hapo juu "jedwali safi sana, nimelinakili na kuwatumia wenzangu wa darasani", mtihani wenu ni lini?