Jibu: Manyunyu ya Oktoba Mtwara, je, vuli imehamia kusini?

Mkuu, umeuliza kama manyunyu haya ya Oktoba ni vuli imetufikia. Hapana. Vuli ni ya Dar na kaskazini. Sisi wa Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Jua likielekea kusini, ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa, na kusi, upepo wa kusini, hulegea, ikaja matlai, upepo wa mashariki. Waulize wavuvi wa Mikindani, wanaijua kuliko mimi. Mwaka ambao bahari upande wetu imepata joto kuliko kawaida, kama ilivyokuwa 2023, mvua za mapema si ajabu.

Kwako mwenye mikorosho, hapo ndipo pa kuangalia. Mvua hizi hukuta korosho zimeshaanza kudondoka. Usiziache chini zikusanyike: okota kila siku, ng'oa bibo (tunda linaloshika korosho), anika juani siku mbili tatu, na jioni zifunike. Ganda likibaki na unyevu, kiini hubadilika rangi na daraja linashuka ghalani. Na tafadhali, usihifadhi kwenye viroba vya plastiki, tumia magunia ya katani.

Kupanda mahindi? Subiri kwanza, manyunyu haya yatakudanganya.