Diski ikifa, okoa vilivyomo kwanza

Diski ya kompyuta (hard disk) iliyoharibika haitengenezwi ili irudi kazini. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaoniletea kompyuta hapa Mwanga, Kigoma, huja na swali moja: itengenezwe au inunuliwe nyingine? Nami huwauliza: humo ndani kuna nini ambacho huna pengine popote? Kama hakuna, nunua nyingine leo, usitoe hata shilingi ya matengenezo. Kama kuna picha za marehemu au hesabu za VICOBA, basi fedha ya fundi ni ya kuvitoa tu. Vikishatoka, diski ile imemaliza kazi, hata ikionekana nzima.

Lakini hakikisha imekufa kweli. Kwenye kompyuta ya mezani, kebo iliyolegea imewafanya watu watupe diski isiyo na kosa. Badilisha kebo, au itoe uichomeke kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Zile diski za nje za kubeba kwenye mkoba, mara nyingi kinachokufa ni kibao kidogo cha USB ndani ya kasha. Ihamishie diski yenyewe kwenye kasha jingine, mara nyingi utakuta faili zote zipo. Baadhi zina tundu la USB kwenye bodi ya diski yenyewe, na hizo hazihamishiki hivyo. Windows nayo inaweza kugoma huku diski ikiwa salama.

Hapo kwenye Windows ndipo vilio vingi huanzia. Kompyuta ikikataa kuwaka, mafundi wengi dawa yao ni moja: kupiga Windows upya. Usiposema neno, utarudishiwa mashine safi isiyo na chochote chako, na sehemu ya diski iliyokwisha kuandikwa juu yake hakuna programu ya kuirudisha. Mwalimu mmoja wa sekondari alishuka kutoka Kasulu na laptopu yenye alama za wanafunzi wake wa kidato cha nne. Alikopita mwanzo, fundi alikuwa ameshaandaa flashi ya Windows.

“Fundi, wameniambia wakipiga Windows itapona.”

“Itapona, Mwalimu, ila alama za wanafunzi hazitakuwemo.”

Akakaa. Niliiwasha laptopu kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikachomeka diski nzima iliyo kubwa kuliko ile mbovu, nikatumia ddrescue kunakili yote yaliyomo. Programu hii ni ya bure, na nawasihi mafundi wenzangu waijifunze. Kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka maeneo mabovu. Kisha ndipo huyarudia. Diski inayoelekea kufa inaweza kuzima moja kwa moja wakati wowote, kwa hiyo usiipotezee muda kwenye eneo bovu huku faili nzima zikisubiri. Ndiyo maana pia nakataza kuendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski ambayo haijanakiliwa: huichosha, tena hugeuza mpangilio wa faili uliokuwa ukiutegemea. Alama zote zilipatikana. Baadhi ya picha hazikusomeka.

Kama diski inagonga, tak, tak, tak, zima hapohapo. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa fikiria vumbi letu la Julai. Anayeifungua diski juu ya meza ya duka anaimalizia. Wanaoiweka kwenye friza wanaiingizia unyevu. Na kubadilisha bodi peke yake, mbinu iliyowahi kusaidia kwenye diski za zamani, sasa mara nyingi haifai, kwa kuwa kwenye bodi kuna chipu yenye vipimo vya diski ileile. Lazima nayo ihamishwe. Kazi hizi zina maabara zenye hewa iliyochujwa, na bili yake hushinda kwa urahisi bei ya laptopu iliyotumika. Kwa picha za harusi ulizolipwa na watu, ningefikiria kuituma. Kwa filamu zinazopatikana kila mahali, hapana.

Ikiwa diski bado inafanya kazi ila imekuwa nzito, weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, nayo ni ya bure, utazame mistari ya 05 na C5 inayohesabu sehemu mbovu. Namba za hapo zikiwa zinapanda, nakili kila kitu na ununue nyingine kabla hujalazimishwa.

Ununue ipi? Kwa laptopu, SSD, yaani diski inayohifadhi kwenye chipu badala ya sahani. Ile ya inchi 2.5 huingia palepale ilipokuwa diski ya zamani, na mashine uliyotaka kuiuza kwa uzito wake hubadilika kabisa. Haina kinachozunguka, hivyo haiogopi mtikisiko wa bodaboda. Ila hufa ghafla, mara nyingi bila mlio wala dalili, na faili ulizofuta humo ni vigumu mno kuzirudisha. Kwa hiyo fedha inayobaki nunua diski ya nje ya bekapu, uiweke nyumba tofauti na kompyuta. Jihadhari na zile za “terabaiti mbili” kwa bei ya chakula cha mchana: namba ni ya uongo, zikijaa kidogo huanza kumeza faili. Ipime kwa H2testw, programu ya kukagua ukubwa halisi wa diski, kabla hujaiamini.

Tuliotumia kompyuta enzi za majenereta ya dizeli, kabla mkoa haujaunganishwa na gridi ya Taifa, tunajua kukatika kwa umeme kunavyoumiza diski inayoandika. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Laptopu yenye betri iliyokufa nayo ihesabu hivyohivyo.

Diski ya zamani usiiuze chakavu ikiwa na taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama wa SACCOS. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Itoboe kwa drili mpaka kwenye sahani. Za laptopu mara nyingi sahani zake ni kioo, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa kizito na uvae miwani.