Mkataba mmeuweka wapi? Maswali yenu kuhusu vyama vinavyoungana

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi niko Kilifi, nimeanza kupiga kura 2002. Kila uchaguzi naona vyama vinaungana, wakubwa wanashikana mikono juu jukwaani, haupiti muda mrefu wanarushiana maneno. Kwa nini wasingoje kura zihesabiwe ndo waungane, kama nasikia wanavyofanya Ujerumani? Na wakishaungana nani anawashika wasivunje ahadi?

JIBU: Marahaba, na kama umeanza 2002 basi haya mengi umeyaona kwa macho yako, mi nakukumbusha tu.

Tuanze na hiyo ya kungoja. Ujerumani wananchi wanachagua bunge halafu bunge ndo linamchagua kansela, kwa hiyo chama kikikosa wingi kinaenda kuongea na wengine baada ya kura, hata ikichukua miezi. Baada ya uchaguzi wa Septemba 2017 walikaa mpaka Machi 2018 ndo Merkel akaapishwa tena, na kabla ya hapo mkataba ulipelekwa kwa wanachama wa kawaida wa chama cha SPD wakaupigia kura kwa posta, watu wa mtaani kabisa, mwalimu, dereva, mstaafu, kila mmoja na karatasi yake. Kenya haiwezi kwenda hivyo kwa sababu rais anachaguliwa moja kwa moja, na Katiba ya 2010 inamtaka apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Sasa niambie ni chama gani Kenya kinaweza kufika hapo peke yake, hamna, ndo maana lazima waungane mapema, wakati kila mtu bado anadai ana kura nyingi nyumbani kwao na hakuna aliyehesabiwa. Bei inapangwa kabla mzigo haujapimwa, na ugomvi mwingi unaanzia hapo hapo.

Swali lako la pili ndo linaloniuma mimi miaka yote, nani anawashika. Jibu langu ni kwamba wanashikwa na karatasi, na inategemea hiyo karatasi imewekwa wapi.

Chukua NARC, muungano ulioshinda 2002. Oktoba 2002 kundi la NAK la kina Kibaki, Wamalwa na Ngilu liliungana na chama cha LDP cha kina Raila, Kalonzo na Saitoti, Raila akasema pale Uhuru Park "Kibaki tosha" na nchi nzima ikalidaka neno. Waliandikiana makubaliano, ile MOU, kwamba vyeo vya baraza la mawaziri vigawanywe nusu kwa nusu na kuwe na cheo cha waziri mkuu. Kibaki akashinda kwa kura zaidi ya asilimia 60. Tarehe 30 Desemba akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kwa ile ajali aliyopata mwanzoni mwa mwezi, na umati ulivyojaa pale mpaka leo nikifumba macho nauona, watu walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Baraza lilipotangazwa Januari LDP wakasema tumepunjwa. Waende kushtaki wapi? Ile MOU haikuwa sheria, haikuwa kwa msajili, ilikuwa ni maneno ya waungwana na uungwana ulishaisha. Ugomvi ukaenda mpaka kura ya maoni ya katiba Novemba 2005, ndizi ni ndiyo ya kina Kibaki, chungwa ni hapana ya kina Raila, chungwa likashinda, siku 2 baadaye Kibaki akavunja baraza zima na kina Raila hawakurudi tena. Hilo chungwa ndo likazaa ODM, chama cha Raila.

Halafu ukaja ugomvi wa matokeo ya uchaguzi wa 2007 na sipendi kuupita haraka kwa sababu watu zaidi ya 1,100 walikufa na malaki wakakimbia makwao. Tarehe 28 Februari 2008 nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha jirani mwenye runinga, tumebanana, Kibaki na Raila wamekaa mezani nje ya Harambee House wanaweka sahihi, Kofi Annan yupo, Rais Kikwete yupo kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, na mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi akaweka beseni lake chini akasema alhamdulillah, mkono wake unatetemeka. Safari hii hawakurudia kosa la NARC. Karatasi ilipelekwa bungeni, mwezi uliofuata ikawa sheria na ikaingizwa kwenye katiba yenyewe, kwamba kuna waziri mkuu wa kuratibu na kusimamia kazi za serikali na rais hawezi kumfukuza, mpaka bunge lipige kura. Serikali ya nusu mkate, mawaziri 40, ghali na yenye kelele, walibishana hadi nani anamfuata rais kwa itifaki, makamu wa rais au waziri mkuu. Februari 2010 Raila akawasimamisha mawaziri 2, Ruto wa kilimo na Ongeri wa elimu, na Kibaki akatengua siku hiyo hiyo. Lakini ilifika mwisho wa muhula wake na ikatuachia katiba mpya ya Agosti 2010. Serikali ya watu wasiopendana ikadumu, ile ya marafiki wa 2002 ikavunjika kabla ya miaka 3. Tofauti mi naona ni hiyo tu, karatasi ilikaa mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuikunja akaitia mfukoni.

Siku hizi sheria ya vyama inataka mkataba wa muungano upelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, na marekebisho ya Januari 2022 yakaongeza kitu kipya, muungano kuwa chama kamili, ndo Azimio, muungano wa kina Raila wa 2022, ikasajiliwa hivyo. Hata hivyo Mei mwaka huo huo Kalonzo alitoka akasema anagombea mwenyewe, mwanzoni mwa Juni akarudi. Karatasi nayo haifanyi miujiza.

SWALI: Habari za kazi. Mie Mpemba ninaeishi Tanga. Hii ya Kenya tunaijua, mbona hamuandiki ya kwetu? Na kwa nini Bara hakuna mseto?

JIBU: Salama kabisa, na umesema kweli, ya kwenu inastahili kusomwa na kila mtu.

Zanzibar ilianza na karatasi mbovu. Muafaka wa 1999 na ule wa 2001, uliokuja baada ya watu kuuawa Januari mwaka ule na nyie Pemba mnajua vizuri kuliko mimi, ilikuwa mikataba kati ya chama tawala CCM na wapinzani wa CUF, vyama viwili vikiamua kutotekeleza basi imekwisha. Mambo yakabadilika tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wa CUF walipokutana wenyewe Ikulu, na badala ya kuishia kwenye picha wakaleta swali kwa wananchi. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali, katiba ikabadilishwa kabla ya uchaguzi. Naomba ulione hili kwa uzito wake, mpiga kura aliulizwa kuhusu kugawana madaraka kabla hajajua nani atashinda! Sijui, mi hilo linanigusa kila nikilifikiria. Dk. Shein wa CCM akapata asilimia 50.1, Maalim 49.1, tofauti ndogo hivyo ambayo miaka ya nyuma ingetuletea maafa, na safari hii Maalim akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais na wizara zikagawanywa kwa kufuata viti vya Baraza la Wawakilishi.

Bahati mbaya 2015 uchaguzi ukafutwa, CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na mseto ukakosa mguu mmoja. Ukarudi Desemba 2020 kupitia ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim, Maalim akafariki Februari 2021, nafasi ikachukuliwa na Othman Masoud.

Bara ni mfumo tofauti, rais anashinda kwa kura nyingi kuliko wenzake hata asipofika nusu, na katiba haina hicho kipengele cha kugawana. Wapinzani wa umoja wa UKAWA 2015 walijaribu, Chadema, CUF, NCCR na NLD, lakini kwenye karatasi ya kura hakuna kitu kinaitwa UKAWA, mgombea wao wa urais, Lowassa, ilibidi asimame kwa tiketi ya Chadema na majimbo wakagawana kwa kuelewana. Mahali walipokosa kuelewana walisimamisha wagombea 2 wakagombania kura zile zile.

SWALI: Niko Doha, Mkenya. ODM saa hii ni serikali ama upinzani?

JIBU: Kaka, hata mahakama imeulizwa maswali ya aina hiyo. Baada ya maandamano ya vijana Rais Ruto alivunja baraza Julai 2024, akawaita kina Mbadi na Joho wa ODM, na ODM wakasema huo si muungano, wamewaazima tu wataalamu. Tarehe 7 Machi 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM wakaweka sahihi mkataba pale KICC Nairobi, mambo 10 yameorodheshwa. Na mwezi mmoja kabla, Mahakama Kuu ilishasema Spika alikosea kuwapa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wingi bungeni maana kura za 2022 zilizaa Azimio yenye wabunge wengi, na siku chache tu baadaye Spika akasimama tena akawapa Kenya Kwanza. Kwa hiyo kiti cha bungeni kinasema upinzani, wizara inasema serikali. Mimi nataka mtu wa ODM aniambie hivi, yale mambo 10 yakikwama mwananchi aende wapi kudai, maana hapo pa kwenda ndo sijapaona.