Jibu: Baba mtoto amefariki, ndugu zake wanamkana mwanangu

Habari dada, pole na msiba. Nimekuelewa hivi: baba mtoto alifariki mwaka jana, hamkufunga ndoa, cheti cha kuzaliwa hakina jina lake, na sasa baba zake wadogo wanasema mtoto si wa ukoo.

Kwanza angalia tarehe ya kifo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inataka maombi ya kumtambua mzazi yafunguliwe ndani ya miaka 3 tangu afariki. Bado una muda, ila usilale. Nenda Mahakama ya Watoto. Mama unaruhusiwa kuomba mwenyewe, hata ofisa ustawi wa jamii anaweza.

Usikimbilie DNA. Mahakama inapokea pia ushahidi kwamba baba alimtambua mtoto hadharani au alimfanyia mila. Mdogo wangu alikuwa na kesi kama yako, akabebwa na fomu ya shule yenye sahihi ya marehemu, pamoja na bibi mmoja aliyeeleza nani alileta mbuzi siku mtoto anapewa jina. Wale ndugu wa marehemu walinywea!

Kama mirathi imeshafunguliwa, weka pingamizi huko huko kabla msimamizi hajagawa mali. Marehemu alikuwa Mwislamu? Niambie, maana kwenye urithi hapo mambo hubadilika.