Bunduki ya upepo niliyouziwa kama ya Mjerumani

Wiki hii kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nina pauni 200. Ninunue bunduki ya upepo ya zamani ya Mwingereza au ya Mjerumani?" Mdogo wangu, umenitonesha kidonda.

Nilipohamia Birmingham nilijiona mjuzi. Muuzaji mmoja sokoni akaninadia Diana 27, bunduki yenye jina la kiwanda cha Ujerumani: kazi ya Mjerumani hii, bwana! Nikalipa bila hata kuomba kupunguziwa. Nyumbani nikafuta grisi iliyoganda juu ya silinda, maandishi yakajitokeza: imetengenezwa Uingereza. Kumbe baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine na jina la Diana vilitolewa Rastatt, mji wa kiwanda chao Ujerumani, vikaishia kwa kampuni ya Milbro, Scotland, na Wajerumani wenyewe wakawa wanauza zao huku kwa jina la Original. Mke wangu hadi leo ananiita Mjerumani.

Sasa ninazo za pande zote. BSA Airsporter, iliyoanza kutengenezwa 1948 hapa hapa Birmingham, ni chuma kweli kweli. Kukaza springi yake, mtutu haukunjwi, unavuta wenzo chini, risasi unaitumbukiza kwenye koki, kama koki ya bomba la maji. Koki hiyo ikilegea kwa uzee, upepo unavuja na hakuna ujanja rahisi. Kifyatulio changu ni kizito, utadhani unavuta ndoo kisimani. Lakini washa ya pistoni, yaani pete ya kuzuia upepo usivuje, ni ya ngozi: matone machache ya mafuta, ilale usiku kucha, asubuhi imefufuka.

Ya Mjerumani, Weihrauch HW35, ndiyo inayonipa kiburi. Mtutu unakunjwa na una komeo lake, ukifunga unasikia "tak!" moja safi. Kifyatulio chake cha Rekord kinakatika kama uzi. Ila msidhani kila cha Mjerumani ni cha milele: Feinwerkbau Sport za mwanzo zina sili ya pistoni ya plastiki inayomomonyoka kwa uzee hata bunduki ikikaa kabatini.

Kwa hiyo vijana, acheni kununua majina! Soma maandishi kwenye chuma kabla ya kutoa pesa. Kagua koki. Soma maandishi tena. Na usiifungue bila kibanio cha kushikilia springi isiruke. Mimi nilijifanya fundi, ukucha wa gumba umepinda mpaka leo.

Ile 27 sijaiuza. Jana bustanini imetoboa kopo la maharage mara nane kwa kumi. Muuzaji yule nikimwona sokoni, simsalimii.